Nywele za mwanangu zinang'oka bila hata kumuuma, nifanyeje?

Mama_Uyole: Habari za jioni wapendwa. Binti yangu ana miaka 3 na nusu, tangu azaliwe sijampunguza nywele maana hazirefuki, zikifika sikioni zinagoma. Sasa huku baridi limeanza, nikimvua mzula jioni nakuta nywele zimebaki ndani, na juzi dada wa saluni pale Mwanjelwa kashika fungu amsuke mabutu, likabaki lote mkononi, mtoto anakula zake hindi wala hakustuka! Yule dada kagoma kuendelea eti asije akaitwa mchawi. Kichwa hakina vidonda, hakiwashi. Dawa ya mapunye nimepaka mwezi, hola. Bibi yake kaja toka Tukuyu anataka tumnyoe kipara tumsugue kitunguu saumu.

Kaka_Sae: Hizo nywele zimekimbia baridi 😂 pole lakini

Mnyalu_Mafinga: Kitunguu saumu usithubutu, kinaunguza ngozi ya mtoto. Na mapunye unaona magamba na nywele zimekatika, halafu ya kichwani yanataka vidonge vya daktari, kupaka tu hayaponi.

Mama_Wawili: Dada yangu, wangu alikuwa hivyo hivyo. Daktari wa ngozi alivuta nywele chache akaziweka kwenye hadubini akaniita nichungulie, kule kwenye shina ganda la nje limejikunja kama soksi iliyoisha lastiki. Akasema nywele zenyewe bado zinakua ila ile ala ya kuzishikilia ndani ya ngozi haijakaa sawa, basi ukivuta kidogo zinakuja. Inawapata zaidi watoto wa kike wa miaka 2 mpaka 6, hasa wazungu wa nywele za dhahabu, ila na sisi tumo. Dawa hakunipa, alisema zitakaza anavyokua. Ila mpeleke athibitishe, usipime kwa maneno yangu. Kwa sasa rasta na mabutu acha, chanua taratibu, mzula ushonee kitambaa laini ndani. Wangu yuko la tatu, zimekaza kweli, na shule ikataka zinyolewe 🤦

Mama_Uyole: Asante jamani, hapo kwenye soksi nimepumua. Jumatatu nampeleka. Kitunguu bibi keshatwanga, naungia maharage.