Sárospatak, bonde la mto Bodrog: mji mdogo hivi ulipataje historia kubwa hivyo?

MwanaDebrecen:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninasoma Debrecen, na likizo fupi ijayo ninakusudia kwenda Sárospatak, mji ulio kando ya mto Bodrog kaskazini-mashariki mwa Hungaria. Ninajua kwamba ngome yake imechorwa kwenye noti ya forinti 500, na kwamba upande wa pili wa noti hiyo pana sura ya Ferenc Rákóczi II. Zaidi ya hapo, kila ninachosoma ni majina makubwa yaliyopangwa mstarini bila kuunganishwa. Kinachonitatiza ni hiki: mji wenye wakazi wasiofika 15,000, tena ulio mbali na Budapest, uliwezaje kuwa na ngome ya kifahari, chuo mashuhuri na viongozi wa uasi? Na nikifika, nianzie wapi ili nielewe, nisiishie kupiga picha tu?

Mpenda Ngome:
Anza na ramani ya karne ya 16, ndugu. Baada ya Wahungaria kushindwa na Waturuki huko Mohács mwaka 1526, nchi yao iligawanyika mafungu matatu: magharibi na kaskazini ilitawaliwa na ukoo wa Habsburg, katikati ikashikwa na Waturuki, na mashariki ikawa na watawala wake wa Transylvania. Bonde la Bodrog lilijikuta kwenye ukingo kati ya Habsburg na Transylvania, kwa hiyo bwana aliyelishika alibembelezwa na kuogopwa na pande zote mbili, na mashamba ya zabibu ya Tokaj yaliyo jirani yakampa fedha za kujengea. Péter Perényi alianza kujenga ngome hiyo mwaka 1534, na mnara wake mkubwa ndio huo wanaouita Mnara Mwekundu. Akina Rákóczi waliipata kwa ndoa, György Rákóczi I alipomwoa Zsuzsanna Lorántffy mwaka 1616.

Ndani ya ngome usikipite chumba kidogo cha pembeni chenye ua la waridi katikati ya dari. Waridi lilikuwa alama ya siri: yaliyosemwa chini yake hayakutoka nje. Inasimuliwa kwamba humo ndimo walimokutana waliokula njama dhidi ya mfalme Leopold wa Habsburg. Njama ilifichuka, na Péter Zrínyi, mmoja wa viongozi wake, akakatwa kichwa mwaka 1671. Mkwewe, Ferenc Rákóczi I, aliponea kwa sababu mama yake alilipa fidia kubwa. Huyo mkwe ndiye baba wa Rákóczi wa kwenye noti yako, na Zrínyi ni babu yake mzaa mama. Ukishalijua hilo, uasi ambao mjukuu huyo aliuongoza dhidi ya Habsburg kuanzia 1703 hadi 1711 hautauona kama jambo lililozuka ghafla.

Mwalimu Mstaafu:
Mwenzangu ameeleza vizuri, ila mimi ningemshauri kijana aanzie chuoni. Ngome nzuri ziko nyingi Ulaya. Mji mdogo wenye shule ya Waprotestanti tangu 1531 si jambo la kila mahali. (Chuo kikuu chako hapo Debrecen nacho kina asili yake katika shule ya namna hiyo, ya mwaka 1538.) Lorántffy, alipokuwa mjane, alimwalika Comenius, mwalimu maarufu kutoka Moravia (katika Ucheki ya leo), naye akafundisha Sárospatak kuanzia 1650 hadi 1654. Aliwaigizisha wanafunzi michezo ya kuigiza ili masomo yawakae kichwani, na ni huko alikokitayarisha kitabu chake cha picha kwa watoto, kilichochapishwa Nuremberg mwaka 1658. Kila kitu katika picha kina namba, na namba hiyo hiyo imewekwa kando ya neno lake, kwa Kilatini na Kijerumani. Vitabu vya kiada vya leo bado vinatumia mbinu hiyo.

Sasa angalia mafundo yanavyofungana: yule mama aliyelipa fidia, Zsófia Báthory, alikuwa Mkatoliki, na mwaka huo huo wa 1671 aliwafukuza walimu na wanafunzi wa chuo. Kwa hiyo ukoo uliokilea chuo ndio uliokivunja, na miongo mingi ilipita kabla hakijatulia tena.

Maktaba ni lazima uingie. Ukumbi wake ulisanifiwa na Mihály Pollack, na dari limepakwa rangi kwa ustadi hata jicho linaamini kuna kuba. Vitabu vyake vya thamani vilichukuliwa na Wasovieti mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, vikakaa Nizhny Novgorod nchini Urusi, na zaidi ya 100 vikarudishwa mwaka 2006.

BintiMrima:
Niongeze mawili. Mkataba wa Trianon wa 1920, uliochora upya mipaka ya Hungaria baada ya Vita Kuu ya Kwanza, uliupitisha mpaka karibu mno na hapo: Borsi, alikozaliwa Rákóczi mwaka 1676, sasa iko Slovakia, na mji jirani wa Sátoraljaújhely ulikatwa kwenye kijito, kituo kimoja cha reli kikabaki ng'ambo. Aidha, usiondoke bila kuuliza habari za Wayahudi wa bonde hilo, ambao mwaka 1944 walikusanywa Sátoraljaújhely na kupelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Mji uliopoteza watu hao hauelezeki kwa ngome na chuo peke yake.

Kuhusu safari, kutoka Debrecen treni hupita Nyíregyháza na kuvuka mto Tisza hapo Tokaj, Bodrog unapoishia. Ukifika Szerencs unabadilisha treni. Ukipata muda, panda kilima cha Megyer, palipochongwa mawe ya kusagia hadi 1907. Shimo lake sasa ni ziwa lililozungukwa na kuta za mwamba.

MwanaDebrecen:
Shukrani nyingi, hasa kwako Mwalimu. Nitaanza na maktaba asubuhi, kisha ngome. Je, kwenda Borsi kutanilazimu kuomba viza nyingine?

BintiMrima:
Hapana, ikiwa una kibali cha ukaazi cha Hungaria ambacho muda wake haujaisha, kwani nchi zote mbili zimo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida mipakani baina yao. Chukua kibali na pasipoti, maana polisi wanaweza kukusimamisha.