Kilifi kwenda Salalah: mwisho wa Aprili, Septemba, au niende Mahe tu?

Tanga_Moja: Wakuu salama? Nina mashua ya tanga futi 38 iko Kilifi, mlingoti mmoja, injini ya dizeli ndogo ambayo siitegemei. Tuko watatu. Nataka Salalah, Oman, halafu nirudi na Kaskazi, ule upepo wa kaskazini mashariki. Mwenzangu anasema tung'oe nanga mwisho wa Aprili Kusi (upepo wa kusini) ikianza, mimi naona Septemba, na bimkubwa nyumbani anasema twende Mahe, Shelisheli, tukapumzike. Msiniambie "inategemea" tafadhali.

MwanaKipini: Septemba. Aprili upepo utakuwa wa nyuma kweli na mkondo unakusukuma kaskazini, lakini hiyo ni zaidi ya maili 1,500 za bahari, kwa noti 5 (maili 5 za bahari kwa saa) ni kama wiki mbili na hapo sijahesabu malelezi, ule utulivu kati ya pepo mbili, maana karibu na ikweta unaweza kukaa siku nzima tanga linapiga kofi mlingoti na huendi popote, sasa ukichelewa kidogo tu mwisho wa Mei unakukuta mbele ya Ras Hafun, Somalia, na Kusi ndio inachacha. Juni mpaka Agosti pale noti 30 na zaidi ni upepo wa kawaida, na mkondo wa Somalia unaweza kupita noti 5. Majahazi ya zamani yalitoka huku mapema kabla Kusi haijakomaa au yakangoja demani, Kusi ikianza kuisha, katikati yapo ufukweni yanapakwa deheni, mafuta ya kulinda mbao.

Bi_Shungi: Nakubali Septemba ila mwanzoni, sio tarehe 25. Watu wanakumbuka kimbunga Mekunu kilichopiga Salalah Mei 2018 wanasahau Oktoba mwaka huohuo kilikuja kimbunga Luban kikaingia Yemen, jirani hapo. Bahari ya Arabuni ina misimu miwili ya vimbunga, kabla ya Kusi na baada yake, kwa hiyo mwenzako naye Mei yake sio salama hivyo.

fundi_matanga: Hoja kubwa dhidi ya Aprili ni pesa jamani. Ukifika Mei, Kaskazi ya kukurudisha ni Desemba, yaani miezi saba unalipia bandari, tena katikati kuna khareef, msimu wa Kusi huko Salalah, manyunyu na mawimbi. Septemba unangoja miezi miwili mitatu.

Kasa_Mzee: Kuhusu Mahe mwambie bimkubwa kwa heshima kwamba hakuna mapumziko. Angalia ramani, iko mashariki moja kwa moja, maili 900 na kitu. Kusi inatoka kusini mashariki, Kaskazi inatoka kaskazini mashariki, zote zinakupiga omo (mbele ya chombo), ni bisho, kupanda upepo kwa kona kona, mpaka mnachukiana. Labda uende malelezi ya Novemba na dizeli ya kutosha, na injini umeshasema mwenyewe. Uzuri wake vimbunga havifiki Mahe kirahisi, ni karibu na ikweta, ingawa visiwa vya Farquhar huko kusini mwa Shelisheli walipigwa na kimbunga Fantala 2016.

Bisho_Kali: Mbona hakuna anayetaja maharamia?? Eneo la hatari kubwa la maharamia lilifutwa Januari 2023, Desemba ya mwaka huohuo meli ya Ruen ikatekwa. Na msimu unahusika hapa, Kusi ikichacha viboti vyao havitoki, bahari ikianza kutulia Septemba na wao wanarudi. Toka nje mbali na pwani ya Somalia hata kama unaongeza maili, na jiandikishe UKMTO, ofisi ya Uingereza inayofuatilia usalama wa meli, kabla hujaondoka.

MwanaKipini: @Bisho_Kali hiyo kweli, ila ukitoka mbali nje unapoteza ule mkondo wa pwani, kwa hiyo zile wiki mbili zangu ahesabu tatu.

Tanga_Moja: Aisee. Basi Mahe nimefuta (nitatafuta namna ya kumwambia). Mwenzangu kasoma hapa kanuna lakini hoja ya bandari miezi saba imemmaliza. Wiki ya kwanza ya Septemba, mbali na pwani. Maji nibebe kiasi gani?

Bi_Shungi: Lita 4 kwa mtu kwa siku, hesabu siku 25, ni lita 300. Usiweke zote tangi moja, likiingia chumvi mmekwisha.

Kasa_Mzee: Na ndimu.