Tupeane uzoefu: mgongo wako ulianzaje kuuma?

Fundi wa Birere: Watu wa Goma, habari zenu. Kila ninayemwona ameshika kiuno anasema "ni figo", kisha anameza dawa za figo bila hata kupimwa mkojo. Inanisikitisha. Mimi ni mshonaji. Mgongo wangu unauma chini, jioni, nikiwa nimeinamia mashine tangu asubuhi. Jumapili nikipumzika unatulia. Semeni unafanya kazi gani na nini kilitangulia KABLA ya siku ile ulipoumia. Hicho cha pili ndicho ninachokitaka sana.

Motari, Katindo: Dada, kwangu ni barabara. Ukiacha lami tu, ni mawe ya volkano, na moto, yaani pikipiki, inakutikisa mpaka usiku. Ukipakia wawili nyuma unabanwa kwenye tangi, umejikunja. Nilianza kuamka na mgongo mgumu, nikapuuza. Halafu siku moja nikainama kufunga kamba za kiatu, mgongo ukakamata, sikuweza kunyooka. Wote wakasema ni kule kuinama. Hapana, uliharibika pole pole. Sasa nimebadilisha amotiseri, zile springi za kupunguza mtikisiko, na nikingoja mteja nashuka, natembea. Imepungua, haijaisha.

Mama wa Ndosho: Bidoni ya maji, lita 20, ni kilo 20, na ninaibeba huku mtoto yuko mgongoni. Yalianza na mimba ya tatu. Kwenye kliniki walinieleza kwamba mimba hulegeza viungo vya nyonga, na tumbo huvuta mgongo mbele. Nilipojifungua nikarudi kwenye maji mapema mno, maana nani angeenda? Siku hizi nabeba bidoni ndogo mara mbili, nachuchumaa kuinyanyua na kuikumbatia karibu na mwili. Wavulana wangu nao wanachota. Akina baba mnaosoma hapa, muwatume wavulana.

Wa chukudu, Kibumba: Mimi nashusha kabichi na viazi kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Kushuka si kazi, kazi ni kusukuma kupanda. Yangu yalitoka kiunoni yakapita kwenye tako hadi vidole vya mguu, kama umeme. Mtu wa kinezi, yule wa tiba ya mazoezi, alisema ni mshipa wa fahamu uliobanwa. Mazoezi yamenisaidia bila kupasuliwa.

Mwalimu, Himbi: Mimi sibebi kitu. Volkano ilipolipuka Mei 2021 tukakimbilia Sake, wiki nzima nikawa silali, ninawaza nyumba na watoto. Mgongo ukaniuma kuliko wakati wowote.

Fundi wa Birere: Mwalimu, pole sana. Hilo la mawazo sikulitegemea. Kuna muuguzi humu?

Muuguzi, Kyeshero: Nipo. Mwalimu amesema kweli: wasiwasi na kukosa usingizi huzidisha maumivu, misuli hukaza. Kwa wagonjwa kama tisa kati ya kumi hatuoni ugonjwa mmoja wa kuutaja. Ni mchanganyiko wa mizigo, kukaa sana, mtikisiko, uzito wa mwili, umri, sigara. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 619 wenye maumivu ya chini ya mgongo mwaka 2020, kwa hiyo hamko peke yenu. Na msilale kitandani siku nyingi, mwili unataka kusogea.

Figo huuma ubavuni, chini ya mbavu, mara nyingi pamoja na homa au mkojo unaochoma. Lakini nendeni hospitali UPESI mkiona haya: mkojo au choo kinatoka bila kujua, ganzi sehemu za siri, mguu unakosa nguvu, au maumivu yalianza baada ya kuanguka vibaya. Homa, kukonda na maumivu ya usiku yasiyotulia pia visingoje: kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo.

Motari, Katindo: Sigara nayo? Inafikaje mgongoni?

Muuguzi, Kyeshero: Hupunguza damu inayolisha zile diski kati ya mifupa, zinachakaa mapema. Unavuta ngapi kwa siku, ndugu?