Tupeane uzoefu: wazazi wetu wazee hapa Marekani na mipango ya kupunguza gharama za Medicare

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, nimefungua mada hii kwa ajili yetu sisi tunaowatunza wazazi hapa Marekani, na kwa ajili ya wazee wenyewe wanaosoma. Kila ninapokaa na wazee baada ya ibada nasikia jambo lile lile: pensheni ni ndogo, mchango wa Medicare, yaani bima ya afya ya serikali kwa wazee, unakatwa kabla fedha hazijaingia benki, na kinachobaki hakitoshi kodi ya nyumba pamoja na dawa. Wapo wanaokata kidonge cha shinikizo la damu katikati ili chupa ya mwezi mmoja iwafikishe miezi miwili. Inaniuma kwa sababu wengi wao wana haki ya kupata msaada ambao hawajawahi kuuomba.

Medicare ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1965 na huwahudumia hasa watu wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, lakini si ya bure. Sehemu B, inayolipia madaktari na vipimo, ilikuwa na mchango wa kawaida wa dola 185 kwa mwezi katika mwaka 2025, na mwaka 2026 umepanda hadi dola 202.90. Juu ya mchango huo, mgonjwa hujilipia kiasi fulani cha kwanza kila mwaka, ambacho kilikuwa dola 257 mwaka 2025, kisha hubebeshwa asilimia 20 ya gharama ya huduma nyingi. Kwa wenye kipato kidogo, majimbo huendesha mipango ambayo kwenye barua na fomu huitwa Medicare Savings Programs. Ule wa QMB hulipa mchango na pia ile sehemu ya mgonjwa. Ule wa SLMB na ule wa QI hulipa mchango wa Sehemu B peke yake. Mwaka 2025 mtu asiye na mwenzi aliingia QMB kama kipato chake hakikuzidi dola 1,325 kwa mwezi, SLMB dola 1,585, na QI dola 1,781. Kwa mume na mke viwango vilikuwa dola 1,783, 2,135 na 2,400. Majimbo mengi huangalia na akiba, ambayo kwa mwaka huo haikutakiwa kuzidi dola 9,660 kwa mtu mmoja au 14,470 kwa wanandoa, bila kuhesabu nyumba anayoishi mzee wala gari moja.

Naomba kila aliyepita njia hii aeleze alikopitia, alipokwama na kilichomkwamua.

Binti wa Ohio

Ahsante kwa kuanzisha mada hii. Baba yangu alifanya kazi ghalani kwa miaka mingi mpaka magoti yakamshinda, na pensheni yake ilikuwa dola 1,480 kwa mwezi kabla ya makato. Kwa kipato hicho alistahili SLMB bila ubishi, lakini ombi lake la kwanza lilikataliwa kwa sababu ya akiba, jambo lililotushangaza sote kwa kuwa mzee hakuwa na akiba yoyote ya kutajika.

Tulipoisoma barua kwa makini tukaona tatizo lilikuwa akaunti ya benki. Kaka yangu alikuwa ameliingiza jina la baba kwenye akaunti yake, kwa nia njema kabisa, ili mzee aweze kutoa fedha za matumizi yeye akiwa safarini. Afisa aliyeshughulikia ombi alizihesabu fedha zote zilizokuwemo kuwa ni mali ya baba, kwa kuwa sheria huchukulia kwamba mwenye jina kwenye akaunti anaweza kuzitumia zote. Hata hivyo dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Tulikusanya taarifa za benki zinazoonyesha kwamba kila fedha iliyoingia ilikuwa mshahara wa kaka, kaka akaandika barua na kuitia saini akieleza sababu ya kuliweka jina la baba, baba naye akaandika yake, kisha jina lake likaondolewa na akafunguliwa akaunti ya peke yake kwa ajili ya pensheni. Tukakata rufaa ndani ya muda uliotajwa kwenye barua, na ombi likakubaliwa.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba SLMB inaweza kurudi nyuma hadi miezi mitatu kabla ya mwezi wa kuomba, kwa hiyo baba alirudishiwa michango aliyokuwa amekatwa katika miezi hiyo, na tangu hapo pensheni yake huingia ikiwa kamili. Kwa QMB si hivyo. Yenyewe huanza mwezi unaofuata baada ya kukubaliwa, na hiyo ni sababu tosha ya kutochelewa kuomba.

Jambo la pili ambalo familia nyingi hazilijui ni dawa. Mtu akiingia katika mpango wowote kati ya hii mitatu, anapewa moja kwa moja msaada wa Sehemu D, inayolipia dawa, unaoitwa Extra Help, bila kujaza fomu nyingine. Mwaka 2025 mwenye msaada huo hakulipa zaidi ya dola 4.90 kwa dawa isiyo ya jina la kampuni, wala zaidi ya dola 12.15 kwa dawa yenye jina la kampuni. Baba ana kisukari na moyo, na siku hizi anachukua dawa zake zote kwa wakati.

Msaidizi wa Wagonjwa

Dada, umeeleza vizuri. Mimi naongeza upande wa bili, kwa sababu nimeona wazee wengi wakilipa fedha wasizodaiwa.

Mama yangu yumo katika QMB. Baada ya kupimwa moyo, kliniki moja ilimtumia bili ya ile asilimia 20, na alipokaa kimya ikaja nyingine yenye maandishi mekundu ikitishia kuipeleka kwa wakusanya madeni. Mama ni mtu asiyependa kudaiwa, na alikuwa ameshaanza kutenga fedha za chakula ili alipe kidogo kidogo. Nikamzuia. Sheria ya nchi nzima inamkataza daktari au hospitali inayopokea Medicare kumdai mtu wa QMB kiasi cha kwanza cha mwaka au ile asilimia ya mgonjwa kwa huduma zinazolipiwa na Medicare, hata kama daktari mwenyewe hapokei Medicaid ya jimbo, yaani bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Nilipiga simu kliniki nikawaeleza hivyo, na mhudumu akanijibu kwamba mfumo wao ndivyo unavyosema. Ndipo nikaichukua ile taarifa ambayo Medicare humtumia mama kila baada ya miezi michache, ambayo imeandika wazi kwamba yumo QMB na kwamba anachodaiwa ni sifuri, nikawapelekea nakala yake pamoja na ya kadi ya Medicaid. Nikapiga pia 1-800-MEDICARE, wakaahidi kuwasiliana na kliniki. Bili ikafutwa.

Nawasihi msiitupe taarifa ile. Wazee wengi huiona ndefu wakadhani ni tangazo la biashara. Na kama mzazi alishalipa bili ya namna hiyo, ana haki ya kudai arudishiwe.

Mzee wa Texas

Wanangu, mimi nina miaka 74 na ninasoma yote mnayoandika. Nitasema la upande wetu sisi wazee, maana mnaweza kudhani tunakataa kuomba kwa ukaidi tu.

Mtu aliyelea watoto kwa jasho lake anaona uzito kupanga foleni mbele ya ofisi ya msaada. Hilo ni moja, lakini kilichonizuia mimi hasa ni nyumba. Rafiki zangu waliniambia kwamba ukipokea chochote kutoka Medicaid, siku ukifa serikali inaichukua nyumba yako kufidia walichokutolea. Nyumba yangu ndogo ndiyo pekee nitakayowaachia watoto, na nilikuwa tayari kulala na maumivu kuliko kuiweka hatarini. Mshauri mmoja wa ile huduma ya ushauri wa bure wa bima ndiye aliyenionyesha kwamba tangu tarehe 1 Januari 2010 majimbo hayaruhusiwi kudai kutoka kwenye mirathi gharama zilizolipwa kwa njia ya mipango hii ya Medicare. Kinachoweza kudaiwa ni gharama nyingine za Medicaid, hasa za makao ya kutunzia wazee, na hilo ni jambo tofauti na lina masharti yake. Baada ya kuelewa hivyo nilitia saini siku ile ile. Kwa hiyo mnapozungumza na wazazi wenu, waulizeni kwanza wanaogopa nini, kisha ndipo mtoe fomu.

Binti wa Ohio

Shikamoo mzee wetu. Ahsante sana kwa kutufungulia jambo hili. Baba naye alikuwa na hofu hiyo hiyo, ila hakuisema.

Kitinda Mimba

Shikamoo mzee, na wengine habari zenu. Kisa chetu ni tofauti kwa sababu mama hakuwahi kufanya kazi Marekani. Nilimleta mimi kwa udhamini, na alipotimiza miaka mitano ya ukaaji wa kudumu akiwa ameshapita miaka 65 aliruhusiwa kujiunga na Medicare. Lakini kwa kuwa hakuwa na miaka kumi ya kazi hapa, wala baba, Sehemu A ya hospitali nayo ilikuwa ya kulipia: mwaka 2025 ilikuwa dola 518 kwa mwezi, bado hujagusa dola 185 za Sehemu B. Hakuna mtoto mwenye mshahara wa kawaida anayeweza kubeba mzigo huo kila mwezi na bado akalea wanawe.

QMB hulipa na mchango wa Sehemu A pia, na wengi hawalijui hili. Tatizo letu lilikuwa ile hati ya udhamini niliyotia saini wakati wa kumleta. Kwa kawaida kipato cha watoto hakihesabiwi mzazi anapoomba, hata kama mnaishi nyumba moja. Huhesabiwa chake na cha mwenzi wake. Ila mtoto aliyetia saini hati ile, kipato chake kinaweza kuhesabiwa mpaka mzazi apate uraia. Tukasubiri, mama akasoma maswali ya uraia jikoni huku akipika, akafaulu, ndipo tukaomba na kukubaliwa.

Mjue pia kwamba namna ya kujiunga na Sehemu A kwa njia hii hutofautiana. Katika majimbo mengi mtu anaweza kuomba mwezi wowote, na katika mengine lazima asubiri kipindi cha Januari hadi Machi. Katika ofisi ya Hifadhi ya Jamii (Social Security), sema mapema kwamba unaomba Sehemu A kwa sharti la kukubaliwa QMB, ili mzazi asijikute anadaiwa mchango ambao hakukusudia kuulipa.

Jirani Mwema

Nawaongezea neno wenzangu tuliokuja kwa njia ya ukimbizi. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imepunguza makundi ya wageni wanaoruhusiwa kuwa na Medicare. Wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawana ukaaji wa kudumu hawamo tena, na wale waliokwisha kusajiliwa wataondolewa kufikia tarehe 4 Januari 2027. Kama mzazi wako hajaomba ukaaji wa kudumu, mpelekeni kwa mwanasheria wa uhamiaji au shirika linalosaidia wakimbizi mapema iwezekanavyo.

Nina swali pia. Baba mkwe wangu anapata pensheni ya dola 1,200 na bado anafanya kibarua cha kufagia shule, kinachompa dola 665 kwa mwezi. Ofisini walimwambia kwa mdomo kwamba 1,865 imezidi kiwango cha mwisho cha 2025, na akarudi nyumbani. Je, ndiyo basi?

Mwanzisha mada

Ndugu yangu, hapana. Kipato cha kazi hakihesabiwi chote. Kwanza huondolewa dola 20 katika kipato chochote, nazo zimeshajumlishwa katika viwango nilivyovitaja juu. Kisha katika mshahara huondolewa dola 65, na kinachobaki huhesabiwa nusu tu. Kwa baba mkwe wako, 665 ukitoa 65 inabaki 600, nusu yake ni 300. Ukijumlisha na pensheni unapata 1,500, ambayo iko ndani ya SLMB kwa viwango vya 2025. Asikubali jibu la mdomo. Awasilishe ombi kwa maandishi, kwa sababu uamuzi wa maandishi ndio unaoweza kukatiwa rufaa.

Kwa walio katika majimbo mengine, ulizeni viwango vya jimbo lenu kabla ya kukata tamaa. New York haiangalii akiba kabisa na viwango vyake vya kipato viko juu kuliko vya kitaifa. Connecticut nayo ni hivyo hivyo, na mjini Washington, D.C. mwaka 2025 QMB ilifika hadi mara tatu ya mstari wa umaskini.

Ushauri wa bure aliousema mzee wetu unaitwa SHIP na upo katika kila jimbo. Washauri wake hawauzi bima. Unapopiga simu kwao, au Hifadhi ya Jamii, omba mkalimani wa Kiswahili tangu mwanzo, huduma hiyo hailipiwi. Na walio katika QI wakumbuke kwamba huombwa upya kila mwaka, hutolewa kwa kadiri fedha zilivyo, na waliokuwemo mwaka uliotangulia hupewa nafasi kwanza. Barua ya kuhuisha ikifika, ijibiwe kabla ya tarehe iliyoandikwa, na mzazi akihama nyumba, anwani mpya ipelekwe ofisini mara moja.