Kikundi cha ukoo, meza ya vitabu: "Alhamisi" na hesabu ya siku

Shangazi Mwanaidi: Nimefika mwisho wa The Man Who Was Thursday, riwaya ya Mwingereza G. K. Chesterton: kachero Syme anajipenyeza kwenye baraza la siri la anakisti saba, kila mmoja anaitwa kwa siku ya wiki, yeye Alhamisi, mwenyekiti Jumapili. Nina dukuduku. Sura 12 za mwanzo ni ujasusi mtupu, zinakwenda mbio. Mara tunaletewa bustani, majoho na viti saba, na Jumapili anasema kama nabii. Naona Chesterton katuuzia mbuzi kwenye gunia. Ambaye hajamaliza asisome hapa, uhondo utamharibikia.

Neema: Shikamoo shangazi. Mimi nakwama hata kabla ya hapo. Wajumbe wa baraza wanafichuliwa mmoja mmoja: Gogol sura ya 6, Profesa de Worms ya 8, Dk. Bull ya 9, Marquis ya 10, Katibu ya 12. Kachero, kachero, kachero. Ukishamjua wa pili, wa tatu hakushtui tena.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu.

Mjomba Hamisi: Neema, tazama kila mmoja anavua nini. Gogol anavua nywele bandia na lafudhi ya kigeni. Profesa anavua uzee mzima, ndani yumo Wilks, mwigizaji kijana. Bull anavua miwani myeusi tu, basi, sura ya kutisha inageuka ya mtoto. Marquis anabandua vipande vya uso, hata ile pua ambayo Syme alitaka kumvuta ili wapigane. Katibu hana cha kuvua, tabasamu lile la upande mmoja ni lake. Mbinu ni moja, lakini kila mara mwandishi anakupunguzia kitu cha kushika.

Mjomba Hamisi: Halafu hesabu hofu. Adui mezani wanapungua, ila sura za 11 na 12 zinawaongeza nje. Kule Ufaransa kila mtu mwema waliyemkimbilia, mwenye hoteli, Dk. Renard, kanali, anaonekana kahamia upande wa pili. Ukisoma ukisubiri tu kujua nani ni nani, utachoka. Soma ukiuliza wamebaki wangapi wa kuaminika.

Neema: Hilo la sura ya 11 na 12 nakubali. La Bull na miwani bado naona ni jepesi.

Baraka: Shikamooni. Mimi nipo sura ya 5, naruka meseji zenu za juu. Swali: wale wanakula chakula cha asubuhi kwenye roshani ya Leicester Square, polisi yuko barabarani chini yao. Syme ni kachero. Kwa nini asimwite?

Shangazi Mwanaidi: Rudi mwanzo, Baraka, usiku ule Gregory, yule mshairi anakisti, alipompeleka Syme kwenye baa chakavu wakaagiza kambakoche, meza ikazama chini ya sakafu. Kabla ya kuingia Syme aliapa hatamwambia polisi. Kule chini naye akamwapisha Gregory asiwaambie wenzake kwamba Syme ni askari. Viapo viwili, kila mmoja kamshika mwenzake koo. Syme akivunja chake, hana tofauti na wale anaowapinga. Wengi wanapita hapo haraka, halafu wanasema hadithi haina mantiki.

Baraka: Ahsante shangazi. Na hao "anakisti" walikuwepo kweli, au ni vikaragosi tu?

Mjomba Hamisi: Walikuwepo: watu waliotaka serikali zote ziondoke, na baadhi yao waliona bomu ndiyo njia. Rais Carnot wa Ufaransa alichomwa kisu Lyon mwaka 1894. Mwaka huohuo Martial Bourdin alilipukiwa na bomu lake mwenyewe katika bustani ya Greenwich, London. Mfalme Umberto wa Italia akauawa 1900, Rais McKinley wa Marekani 1901. Kwa hiyo msomaji wa 1908, zama za Mfalme Edward VII, aliposikia mezani kwamba Tsar atalipuliwa Paris alitishika kwanza, ndipo acheke. Sisi tunaanza na kicheko, tunapoteza nusu ya ladha.

Mjomba Hamisi: Na lile la kachero kuketi baraza la magaidi lilitokea. Yevno Azef wa Urusi aliongoza kikosi cha mauaji cha chama chake huku analipwa na polisi wa siri. Chama kilimtangaza msaliti mwanzoni mwa 1909, kitabu kimeshatoka.

Shangazi Mwanaidi: Haya, sasa nijibu la mwisho, kaka. Majoho yanahusu nini?

Mjomba Hamisi: Hapo ndipo Kiswahili chetu kinatupoteza. Fungua Biblia, kitabu cha Mwanzo sura ya 1, uiweke pembeni. Jumatatu ni siku ya kwanza ya uumbaji: joho la Katibu ni jeusi lenye mstari mweupe, nuru na giza kutengana. Jumanne ni maji kutengana. Jumatano ni mimea, Marquis kavaa majani. Alhamisi ni siku ya nne, Syme kavaa bluu yenye jua la dhahabu. Ijumaa samaki na ndege, Jumamosi wanyama na binadamu. Jumapili ni ya saba, ya mapumziko.

Mjomba Hamisi: Sasa soma kwa majina yetu. Sisi tunaanza na Jumamosi, mosi. Jumapili ni ya pili, Jumatatu ya tatu. Mwenyekiti ambaye ni wa saba anaitwa "ya pili". Jumatano ni ya tano, na Alhamisi kwa Kiarabu nayo ni ya tano, kwa hiyo mezani wamekaa watano wawili ubavu kwa ubavu, na mwenye jua, aliyepaswa kuwa wa nne, ni mmoja wao. Ukihesabu kwa jina, mavazi yote yanakukataa. Hesabu kuanzia Jumatatu, yatakaa.

Shangazi Mwanaidi: Kumbe. Nilihesabu kwa majina. Nikamwona Syme ana jua, nikajua mwandishi kakosea siku.

Neema: Basi ukitafsiri lazima uweke maelezo chini ya ukurasa. Na jina la kitabu? Hamisi ni jina la mtu, mtoto wa kiume wa Alhamisi, na wa kike Mwanahamisi. Kuna akina Juma na Jumanne kila mtaa. Kwa Mwingereza kumwita mtu Thursday ni kichekesho, kwetu ni Hamisi anaitwa sokoni.

Mjomba Hamisi: Ndiyo maana liwe "Mtu Aliyekuwa Alhamisi", siku yenyewe, si "Hamisi". Na "aliyekuwa" ibaki, ni cheo alichokikalia kwa muda.

Neema: Na kijina cha chini, "A Nightmare"?

Shangazi Mwanaidi: "Jinamizi". Ndoto mbaya ni hafifu. Jinamizi linakukalia kifuani, unaona kila kitu, huwezi kupiga kelele. Ndivyo Syme anavyofukuzwa na Profesa mzee kwenye theluji, akikimbia vipi yule yuko nyuma yake.

Mjomba Hamisi: Umelenga. Chesterton alifariki tarehe 14 Juni 1936. Siku moja kabla, Illustrated London News lilichapa makala yake analalamika kwamba watu husoma jina kubwa wakaruka hilo dogo, kisha wanamdai Jumapili awe picha kamili ya Mungu. Yeye alichora dunia inavyoonekana na mtu aliyekata tamaa nusunusu. Toleo lolote mtakalopakua, hakimiliki imekwisha na Project Gutenberg wanalo bure, hakikisheni hilo neno lipo pamoja na shairi la kumtunukia rafiki yake Bentley.

Baraka: Zile karatasi Jumapili anazowatupia akikimbia na gari la zimamoto, tembo na puto, zina fumbo? Nimechungulia mbele.

Neema: Usizifumbue. Ni upuuzi uliokusudiwa, kila mmoja kapewa wake. Zisome kwa sauti, ndipo zinachekesha. Kabla ya sura ya 15 pitia Ayubu sura ya 1, ili Gregory anapoingia kati ya wale saba ujue kaja kama nani.

Shangazi Mwanaidi: Mimi mwisho nimeukubali, lakini dai langu moja linabaki. Rosamond, dada yake Gregory, yuko mwanzo, kisha ukurasa wa mwisho anakata maua alfajiri. Katikati kitabu kizima hakina mwanamke wa maana.

Neema: Hilo sina la kulitetea, shangazi.