Mama kabadilishwa goti, wiki ya tano hataki kutoka kitandani. Waliopitia naombeni njia

MwanaKorogwe

Wakuu, habari za jioni.

Mama yangu ana miaka 68. Wiki tano zilizopita alibadilishwa goti la kulia. Upasuaji ulikwenda vizuri, kesho yake tu walimsimamisha na woka (kile chuma cha miguu minne cha kushikilia) akatembea mpaka mlangoni, tukapiga picha tukatuma kwenye grupu la familia. Mshono umefunga vizuri, hauna shida.

Shida imeanzia nyumbani. Yuko kwangu hapa Tabata, na tangu atoke hospitali hajui pengine zaidi ya kitanda. Dada zangu wanakuja kwa zamu, kila mmoja anataka aonekane anamjali mama kuliko mwenzake. Chai kitandani, uji kitandani, rimoti mkononi, mto chini ya goti. Wageni nao wanakuja na machungwa na ushauri: "Pumzika dada, usije ukakilegeza hicho chuma." Sasa mama kaamini kabisa kwamba goti ni kama bawaba ya mlango, ukilifungua sana skrubu zinachomoka.

Karatasi ya mazoezi tuliyopewa ni ya Kiingereza, ina michoro ya mzungu kavaa kaptula. Juzi nimeikuta imefungiwa karanga.

Nikimwambia "mama inuka tutembee" ananijibu "goti lako wewe umezaliwa nalo." Nimebembeleza, nimeahidi simu mpya. Jana nikapandisha sauti, mama akalia, nikatoka nje nikakaa kwenye gari. Huyu ni mwanamke aliyeamka saa tisa usiku kupika vitumbua vya kuuza kwa miaka 20 na ndiyo vilivyonisomesha. Mvivu si yeye. Mnafanyaje?

Nawasilisha.

Kibajaji

Pole mkuu. Muache mzee apumzike, chuma mwilini si mchezo. Mtafutie mafuta ya nyonyo, yapashwe moto, akandwe goti na kigimbi asubuhi na jioni. Bibi yangu alikandwa hivyo akatembea.

MwalimuWaHesabu

Mwanangu MwanaKorogwe, marahaba, hata kama hujaniamkia.

Mimi nilibadilishwa goti la kushoto mwaka 2021 nikiwa na miaka 64. Nimefundisha hesabu shule ya msingi miaka 35, magoti nikayaacha ubaoni. Na mimi nililala hivyo hivyo kama mama yako, wiki tatu nzima, kwa hiyo niachie nimsemee.

Mama yako anaogopa. Hilo goti lina joto, limevimba, na ukilikunja linalia tak, kama kijiko kikigonga sahani. Upande wa nje wa kovu ngozi ina ganzi, ukiigusa ni kama unagusa mguu wa mtu mwingine. Mimi nilijua vitu vinaachana humo ndani. Nikanyamaza, nikawa najilaza tu nisikilize kama kutalia tena. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ule mlio ni vipande vya goti jipya vinagongana na ni kawaida, wala kwamba joto na uvimbe vinaweza kukaa miezi mitatu, hata sita. Basi kabla hujamwambia "inuka", mwambie hayo. Mwambie pia hakuna kinachochomoka kwa kutembea. Mwisho wa mfupa wa paja umevalishwa kofia ya chuma, mfupa wa chini umewekewa sahani ya chuma, katikati kuna plastiki ngumu, na mara nyingi vimegandishwa na saruji maalumu ya mifupa. Mengi ya magoti haya yanapita miaka 20. Kulala ndiko kutakakomharibia.

Mimi aliyeniinua ni mume wangu, na aliniinua kwa kuniudhi. Nina kipimapembe kikubwa cha mbao, kile cha ubaoni, nilitoka nacho shuleni siku ya kustaafu (Mungu anisamehe, na mwalimu mkuu pia). Jumapili moja akaniambia nilikunje goti, akakiweka ubavuni mwake, akavaa miwani yake, akasema, "Mwalimu, nyuzi 62." Sitini na mbili! Nimewachapa watoto kwa 62. Kuanzia siku ile kila Jumapili baada ya ibada tunapima, namba tunaiandika kwenye kalenda ya ukutani. Kutembea tu kwenye sakafu hakudai hata nyuzi 70. Ila kuinuka kwenye kiti cha kawaida bila kujivuta kunadai 90 na ushee. Wiki ya nane nilifika 97. Sasa hivi ni 118 na hanipiti mtu kwenye ngazi za kanisa.

Lakini kipimapembe changu usimpelekee mama yako, yeye si mwalimu. Yeye mpelekee vitumbua. Namaanisha hivi: mwambie dada yako mmoja aroweke mchele, asage, akaange barazani, na avikaange vibaya. Halafu muwekee mama kiti kirefu chenye mikono pale pale, si kigoda. Tuone kama atakaa chumbani wakati harufu ya kitumbua kinachoungua inamfuata.

Dada zako wape amri moja: chai inanywewa mezani. Anayepeleka kikombe kitandani arudi kwake. Simu ichajiwe sebuleni. Thamosi ikae meza ya mbali. Hiyo si roho mbaya. Mimi nilihesabu, safari kumi za meza kwa siku zilinipa mwendo kuliko ile robo saa ya "mazoezi" niliyokuwa naikimbia.

Na muulize, bila watu, anataka goti la nini. Mimi nilikuwa nalilia kupiga magoti kanisani. Mama yako labda ni swala, labda ni choo cha kuchuchumaa kule Korogwe, labda anaona aibu kutembea na woka mbele ya mke wako. Hujui mpaka umuulize.

FizioWaMkoani

Mwalimu kanimalizia kazi. Nina ya kwangu machache.

Huo mto chini ya goti uondoeni leo. Najua unampa nafuu, na ndiyo ubaya wake: goti linazoea kukaa limekunjika kidogo, halinyooki tena, na goti lisilonyooka linachechemea maisha yote. Wekeni taulo lililokunjwa chini ya kisigino, goti lenyewe lining'inie bila kuegemea kitu. Akae hivyo dakika tano, kumi, mara kadhaa kwa siku, huku akikaza msuli wa paja kama anataka kulizamisha goti kwenye godoro. Kukunja: akae kitini, avae soksi, sakafu iwe ya vigae, ateleze mguu kurudi nyuma chini ya kiti mpaka panapouma, ahesabu kumi, arudishe.

Dawa ya maumivu aliyoandikiwa anywe kama nusu saa hadi saa moja kabla ya mazoezi. Wengi wanaificha "mpaka iume sana", halafu wanashangaa mazoezi ni mateso. Baada ya hapo barafu. Zile barafu za mfuko zinazouzwa mtaani zinafaa kabisa, zifungwe kwenye kanga, dakika 15 hadi 20, isiguse ngozi moja kwa moja.

Ngazi: kupanda anatangulia mguu mzima, kushuka unatangulia uliopasuliwa.

Ndugu yangu Kibajaji, nia yako njema, lakini huyu asikandwe. Baada ya upasuaji huu damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu. Kigimbi kikivimba ghafla, kikauma, au akikosa pumzi au kifua kikambana, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo. Vilevile homa, usaha, au wekundu unaopanda.

MwanaKorogwe, wiki ya tano na amelala: usisubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke wiki hii goti lipimwe. Likibaki gumu, daktari anaweza kumlaza usingizi na kulikunja kwa mkono, ila hilo hufanyika vizuri zaidi ndani ya wiki 12 za mwanzo. Baada ya hapo makovu ya ndani yamekomaa.

Kibajaji

Nimeelewa daktari. Nimefuta ya mafuta.

MwanaKorogwe

Wakuu, nimerudi, zimepita wiki mbili na siku kadhaa.

Tulimpeleka. Alikuwa kwenye nyuzi 70. Mtaalamu akasema bado wakati upo, akatupangia kwenda mara mbili kwa wiki. Juzi kafika 88.

Mwalimu, shikamoo. Nilimuuliza mama tukiwa wawili tu. Alikaa kimya mpaka nikadhani hatajibu, halafu akasema hofu yake ni choo. Siku ya tatu baada ya kutoka hospitali alikwama chooni, hakuweza kuinuka, akaona haya kuita, akakaa humo karibu nusu saa. Sisi tulikuwa sebuleni tunaangalia mpira. Kumbe tangu siku ile alikuwa anapunguza hata maji ya kunywa ili asiende. Fundi kaja kesho yake kaweka bomba la kushikia ukutani, na tumenunua kile kiti cha kuinulia choo. Nilitaka kulia.

Vitumbua tumefanya. Dada mkubwa alikaanga, wala hakuhitaji kuigiza ubaya. Mama alisikiliza kutoka chumbani, akapiga kelele "moto mkubwa huo!", hakutoka. Siku ya pili hakutoka. Ya tatu, usiku saa tano, nimelala, nasikia woka kwenye vigae, tok, tok, tok. Nikatoka mbio nikijua kuna jambo. Nimemkuta jikoni, taa hajawasha, kafunua sufuria la unga, kachovya kidole.

"Hamira nyingi," akaniambia. "Mwambie dada yako."

Sasa anauliza lini atakalia mbuzi akune nazi mwenyewe. Nimjibu nini?

MwalimuWaHesabu

Marahaba mwanangu. Mbuzi iko chini mno, mwambie asubiri, na hata mimi mwaka wa kwanza nazi nilikuniwa. Ila usiku awashe taa.