Naomba ushauri: gego la juu la mwanangu limekwama

Habari zenu wanajamvi. Mwanangu ana miaka 8. Gego lake la kwanza la kudumu, juu kushoto, ambalo kwa kawaida huota kwenye miaka 6 au 7, limetoka nusu tu; upande wake wa mbele umejibana chini ya gego la mwisho la utoto. La kulia lilishatoka zima.

Eksirei ilionyesha mzizi wa jino la utoto umeanza kulika. Daktari alisema tusubiri miezi 6, kwani mengine hujinasua yenyewe. Huu ni wa tano, na kila nikipitisha kidole naigusa ncha ileile. Nina wasiwasi kweli.

Mliopitia hili, tuendelee kusubiri au tuombe lisukumwe nyuma kwa waya? Na jino la utoto likitoka mapema, nafasi yake hulindwaje?